Msiba wa Majaribio

Ukifika Kariobangi Kusini ukamuulizia Phares Owiti, watu watakutazama tu. Uliza Injinia. Mchoma mahindi wa pale kona atakuonyesha ghorofa, mwenye duka la gesi atakuonyesha mlango, na mkewe Clare, ukibisha hodi, atakuuliza kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na cheo hicho, "Injinia yupi?" Clare aliolewa na karani. Uinjinia ulimkuta humo humo ndani ya nyumba, bila mahari kuongezwa.

Na kweli Phares alikuwa karani, tena karani mzuri. Baba yake, Mzee Owiti, alikuwa mtu wa reli, akamlea mwanawe katika nyumba za shirika na kumfundisha kwamba kazi ya maana ni ile yenye kofia. Phares hakupata kofia. Alianza kwa kupakia maboksi katika kiwanda cha biskuti huko Industrial Area, mpaka siku moja mtu akauona mwandiko wake na kumpeleka ofisi ya wafanyakazi. Humo kazi yake ilikuwa kupokea fomu za likizo, kuzipeleka kwa meneja, na kuwaeleza wenzake kwa upole kwamba fomu zao hazionekani.

Kisha kampuni ikanunua kitu kipya. Kilikuwa chombo cha kuundia programu za ofisi bila kuandika hata mstari mmoja wa lugha ya kompyuta. Unavuta kisanduku hiki unakiweka hapa, unavuta kile unakiweka pale, unachora mshale katikati, na kwa maneno ya kawaida unasema: mtu akiomba likizo, mkubwa wake apate ujumbe; mkubwa akikubali, mtu apate jibu. Basi. Meneja wa wafanyakazi, Bi Teresiah Gitonga, aliuliza mkutanoni nani yuko tayari kujifunza. Wote wakatazama viatu vyao. Phares alikuwa bado ametazama dari, akachaguliwa.

Alijifunza kwa video, jioni baada ya jioni, akapata cheti. Alikipeleka saiba, kibanda cha kompyuta cha mtaani, kikachapishwa kwa rangi, akakitundika ukutani karibu na picha ya harusi, juu yake kidogo. Clare alipita akainyoosha picha ya harusi.

Programu ya likizo ikafanya kazi. Mtu anaomba kwa simu akiwa kwenye mashine, jibu linamkuta hapo hapo, hakuna fomu ya kupotea. Kiwanda kizima kikamsifu, na unajua mgema akisifiwa. Injinia akaanza kupanua. Glavu zikapata programu, kazi ya ziada ikapata programu, funguo za makabati zikapata programu. Watu walipolalamika kwamba programu zimezidi, akaunda programu ya malalamiko, na mshale wake ukielekea kwake mwenyewe.

Mishale yake yote, lakini, ilikwenda mbele. Hakuna hata mmoja uliorudi. Mwanzoni watu walikuwa wakibadilisha tarehe za likizo kila wakigombana na wake zao, akachoka, akafunga mlango: ombi likishapita limepita, na wa kulifungua ni makao makuu peke yao, kwa barua yenye sababu. Bi Teresiah alilipenda jambo hilo kuliko yote. "Kikipita kimepita," alikuwa akiwaambia wageni, kama kwamba ni yeye aliyechora.

Sasa nyumbani palikuwa na mama. Perez Akoth aliletwa Nairobi miguu ilipoanza kuvimba, akae karibu na hospitali kwa muda mfupi, na muda mfupi wa Nairobi mnaujua. Alimwacha kijijini dada yake mmoja, Awuor. Awuor ndiye aliyetangulia kuolewa Ugenya, kisha, kama ilivyokuwa desturi, akamleta mdogo wake aolewe boma la jirani ili wasilie ugenini kila mtu peke yake. Wamezaa pamoja, wamezika waume zao, wamegombana juu ya ua mmoja kwa kuku wale wale maisha yao yote. Na sasa macho ya Awuor yalikuwa yakifungwa. Ilikuwa presha ya macho, na daktari wa Kisumu alisema hakuna dawa ya kurudisha kilichokwenda. Katika simu Awuor alimwambia dada yake kwamba anaona watu kama moshi.

"Nipeleke anione," Perez alimwambia mwanawe. "Macho yangu mimi ni mazima, nitamwona hata mwakani. Mwenye haraka ni yeye."

Mama aliyekaa mjini hivyo harudi nyumbani peke yake kama mzigo uliokabidhiwa kondakta. Mwanawe humsindikiza. Na kwa miguu ile, hata ngazi za ghorofa alizishuka akimshika mtu bega.

"Nimeomba likizo, mama," Phares alijibu.

Ni kweli aliomba, mara moja, tena kwa mdomo, koridoni. Bi Teresiah alimwambia, "Maliza kwanza ile ya msiba, Phares. Ukimaliza, nenda hata mwezi." Naye akajibu, "Sawa, madam," akarudi kwenye kiti chake. Na hapa ndipo mtu anapotaka kumshika masikio. Hakuhuzunika! Alikwenda zake akiwa na furaha ya mtu ambaye bila yeye kiwanda kingesimama. Kila Jumapili mama alimuuliza, kila Jumapili akasema bado kidogo, na kwa kweli ilikuwa bado kidogo, kwa sababu kila alipomaliza kisanduku kimoja aliona mahali pazuri pa kuongeza kingine.

Ile ya msiba ilikuwa kazi ngumu kuliko zote. Bi Teresiah alikuwa amegundua kwamba kiwandani kina baba wanakufa kupita kiasi. Mtu anamzika baba mwezi wa pili, mwezi wa tisa anamzika tena. Phares angeweza kumweleza. Yeye mwenyewe alikuwa na baba wanne, ndugu wa Mzee Owiti wakiwemo, na wote aliwazika kwa heshima. Lakini chombo kilikuwa na kijisanduku cha kutia alama, "isirudiwe", na kutia alama ni rahisi kuliko kumweleza meneja ukoo. Akatia. Tangu hapo kila mfanyakazi alikuwa na baba mmoja na mama mmoja, na kila mmoja wao akaruhusiwa kufa mara moja.

Simiyu, mwendesha mashine anayekaa Mukuru kwa Njenga, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya ustawi, alikuja ofisini amevimba. "Injinia, buda, kwetu Bungoma baba ni wengi. Sasa baba mdogo nimzike kama nani? Kama jirani?"

"Andika 'Mwingine'," Phares alisema.

"Mwingine!" Simiyu akasema, akatoka.

Lakini tusimwonee. Kuna kitu kimoja alichokiweka kwa moyo wake wote. Zamani Muasya wa stoo alikosa maziko ya baba yake mzazi kwa sababu fomu ilikuwa imelala kwenye droo ya meneja, na Phares hakuisahau aibu ile. Kwa hiyo akapanga: ombi la msiba lisipojibiwa mpaka mwisho wa siku ya kazi, lijikubali lenyewe. Kisha tangazo liende kwa wafanyakazi wote, na kamati ya ustawi ipewe ruhusa ya kwenda, hapo hapo, bila kumsubiri mtu.

Ijumaa mchana akawa tayari kujaribu.

Chombo kile kina viwanja viwili, uwanja wa majaribio na uwanja wa kweli. Vyote vinafanana. Ule wa majaribio una mstari wa samawati juu, na ule wa kweli una mstari wa samawati iliyokolea kidogo. Phares alikuwa amefungua vyote viwili.

Fomu ilitaka jina la mfanyakazi na uhusiano wake na marehemu. Mtu wa kwingine angeandika jina lolote lililomjia. Phares ni mtoto wa Ugenya. Humwandikii mwenzako msiba, hata kwa mchezo, hata ndani ya kompyuta. Ukimfisha mama yake Simiyu leo, kesho akafa kweli, utaiweka wapi sura yako? Kwa adabu hiyo basi akaandika jina lake mwenyewe. Akachagua "Baba". Programu ikakataa, kwa kuwa Mzee Owiti alishakufa na kumbukumbu yake imo, na Phares akafurahi kuona sheria inauma. Akatazama "Mke", akamwona Clare waziwazi mbele ya macho yake, akapita haraka. Kwenye "Mtoto" hakuthubutu hata kutua. Ikabaki "Mama".

"Nisamehe, mama, ni majaribio," alinong'ona, akabonyeza.

Pakaandikwa: Imepokewa. Kwenye majaribio tangazo huja papo hapo; alisubiri limfikie, halikuja. Akasema moyoni ataangalia Jumatatu. Bi Teresiah alikuwa mkutanoni mchana kutwa akisifia mfumo. Kundi la simu la wafanyakazi Phares alikuwa amelizima sauti tangu yale malalamiko. Kengele ya kutoka ikalia, akaenda zake nyumbani, na nyuma yake ombi likajikubali lenyewe kama lilivyofundishwa.

Jumamosi asubuhi Clare alikuwa mazoezi ya kwaya, na Phares alikwenda kwa mafundi wa jua kali kukichukua kiti cha mama kilichokuwa kikichomelewa mguu. Perez aliketi kwenye kigoda chini ya ghorofa, akichambua mboga za managu. Hapo akaona kundi la watu likiingia lango. Mbele alikuwa Simiyu ndani ya koti jeusi, nyuma yake Nasambu wa upakiaji na mifuko ya sukari na mikate, na nyuma kabisa Muasya akisukuma mkokoteni wenye vyuma vya hema.

"Hodi hapa, mama. Kwa Injinia ni hapa?"

"Ni hapa. Karibuni."

Simiyu akavua kofia. "Pole sana, mama. Tumeipokea hii habari na uchungu mwingi."

Perez akaweka managu chini. "Habari gani?"

Wakatazamana. Nasambu akachuchumaa, akamshika mkono. "Wewe ni nani wake, mama? Dada yake?"

Perez ana dada mmoja duniani. "Awuor?" akauliza, na sauti ilikuwa imeshaanza kumtoka vibaya.

Simiyu, aliyejua kwamba kina mama wa Kijaluo huwa na majina zaidi ya moja, aliinamisha kichwa. "Alituacha jana, mama."

Perez akapiga ukemi uliowatoa watu kwenye ghorofa zote. Aliinuka kwa miguu ile ile isiyoinuka, mikono kichwani, akimwita dada yake kwa Kijaluo, akimwuliza kwa nini amefumba macho kabla hayajamtazama. Majirani wakashuka mbio. Mchoma mahindi aliacha moto wake. Hema likasimama, viti vikatoka kanisani, na kina mama ambao hawakujua wanamlilia nani wakalia vizuri tu, maana kilio hakihitaji maelezo.

Phares alipakuta hivyo, kiti begani. Kiti kikamponyoka. Alisikia mama akilitaja jina la Awuor. Alizikumbuka Jumapili zote, bado kidogo, bado kidogo.

Hapo Simiyu akapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, akainua simu yake, akasoma kwa ile sauti aliyoitunza kwa misiba. "Kwa masikitiko makubwa, usimamizi na wafanyakazi wote wanatangaza kifo cha mama mpendwa, Perez Akoth, mama mzazi wa mwenzetu Phares Owiti."

Phares aliyajua maneno hayo. Aliyaandika yeye. Alitumia asubuhi nzima akichagua kati ya "mpendwa" na "mzazi", mwishowe akayaweka yote mawili.

Akapenya katikati ya watu mpaka kwa mama yake, akapiga magoti. "Mama. Mama, nyamaza. Awuor hajafa."

Perez akamtazama kwa macho mekundu. "Nani amekufa?"

"Ni wewe."

Kilio kikafifia, kwanza waliokuwa karibu, halafu na wale wa pembeni. Muasya aliacha kupigilia kigingi.

"Mimi?"

"Ndani ya kompyuta, mama. Nilikuwa nikijaribu."

Perez akafikiri. "Na Awuor ni mzima?"

"Mzima kabisa."

"Basi si neno," akasema Perez, akijifuta uso kwa leso. "Nilidhani ni jambo kubwa." Akarudi kwenye kigoda na kuomba maji.

Nasambu alianza kucheka, akajiziba mdomo, akashindwa. Simiyu hakucheka. Alikuwa ametayarisha hotuba ndefu. "Injinia, wewe ni mtu wa aina gani? Unaua mathako, mama yako mzazi, na mouse?"

Bi Teresiah Gitonga alifika wakati huo huo kwa gari dogo, shada la maua mkononi. Alielezwa mara tatu kabla ya kuelewa. Kisha akamvuta Phares kando, ingawa kwa kuwa hema lilikuwa limejaa, kando hapakuwa mbali na watu wote walisikia.

"Ifute."

"Haifutiki, madam. Kikipita kimepita."

"Phares!"

"Mpaka tuwaandikie makao makuu, na sababu."

Bi Teresiah akalitazama gari lake. Makao makuu ndiko alikokuwa amealikwa wiki hiyo kwenda kuonyesha mfumo huo, na sababu ingebidi iseme kwamba ofisi yake imetangaza kifo cha mwanamke anayechambua managu. Alisimama na maua yake, hajui pa kuyaweka.

"Ni yangu hayo?" Perez alimwuliza. "Lete, binti yangu. Asante. Sijawahi kuletewa maua." Akayalaza mapajani. Kisha akamgeukia mwanawe. "Wamekupa muda gani wa kunizika?"

"Wiki nzima, mama."

"Na wa kunipeleka nikiwa hai?"

Phares akakiinua kile kiti kilichochomelewa, akakisimamisha kando ya mama yake. Katika programu zake zote hakuna kisanduku cha mama aliye hai, na hakuna aliyemzuia kukichora.

Simiyu akakohoa. Kama mwenyekiti alikuwa na tatizo lake. Basi la kwenda Ugenya alikwisha kulikodi la Alhamisi, na mwenye basi harudishi kitu. Yeye na Nasambu na Muasya walikuwa na ruhusa zao mkononi, nazo pia zilikuwa zimepita. "Sasa hii basi tunaipeleka wapi?"

"Ugenya," akasema Perez. "Si ndiko mlikokuwa mkinipeleka?"

Bi Teresiah alimtazama mama, akamtazama Phares, akalitazama basi ambalo bado halikuwepo. "Mimi sikuona kitu," alisema, akaingia garini.

Alhamisi wakaondoka. Dereva, kwa mazoea, alikuwa amefunga vitambaa vyekundu kwenye vioo kama gari lolote la msiba, na hakuna aliyekumbuka kumwambia avitoe. Katika kila kizuizi polisi walivua kofia na kuwapungia wapite, na Perez, kiti cha mbele, aliwapungia pia na kuwashukuru. Simiyu hakuweza kukaa na hotuba ile tumboni, akaitoa baada ya Naivasha. Perez aliisikiliza mpaka mwisho, akasahihisha mahali alipozaliwa, na kusema kwamba mtu aliyesifiwa hivyo angependa kumfahamu. Hata Phares alicheka. Alikuwa anampeleka mama nyumbani. Njia yote alijisemea hivyo, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hakufikiria mshale wowote.

Ugenya habari ilikuwa imefika kabla yao, kwa kuwa kiwandani kuna watu wa kila mahali. Phares alipiga simu kukanusha, lakini kanusho halina mbio za tangazo. Basi lilipoingia njia ya boma na vitambaa vyake, wanawake walilipokea kwa vilio, na Perez aliposhuka akishikwa mkono, vilio vikakatika katikati ya neno. Mmoja aliacha kandambili zake akakimbilia kwenye mihogo.

Awuor peke yake ndiye aliyeiamini simu. Alikuwa ameketi kizingitini mwa nyumba yake tangu asubuhi, kitambaa kisafi kichwani, nguo ya kanisani mwilini.

Perez aliuachia mkono wa mwanawe. Hatua za mwisho alizitembea mwenyewe, polepole, akasimama mbele ya dada yake karibu kabisa, akajinyoosha mgongo. Hakusema neno. Alitaka aonwe kwanza.

Awuor aligeuza uso kulia, akaugeuza kushoto. "Mbona mmenyamaza?" akauliza. "Amefika?"

Phares akafungua kinywa. Mama yake akainua kiganja bila kugeuka, naye akakifunga. Kisha Perez akajishusha kwa taabu kizingitini, akauchukua mkono wa dada yake, akauweka shavuni pake.

"Nimefika," akasema.

Vidole vya Awuor vikapita kwenye shavu, puani, kwenye paji la uso, vikarudi. "Umenenepa," alisema. "Wanakulisha vizuri huko."

Wote wawili wakacheka, wakaanza kuzungumza kwa pamoja, kila mmoja habari zake. Phares akamsogelea mkaza mwana wa Awuor, akamwuliza kwa sauti ya chini tangu lini haoni kabisa.

"Tangu wakati wa kupalilia, shemeji. Alitukataza tusiseme. Alisema Perez akijua atakuja mbio na miguu ile."

Phares alishukuru, akazunguka nyuma ya nyumba ambako hakuna mtu, na hapo ndipo alipolia.